Maikrofoni Haina Dini

Omenya aliuza friji ya marehemu baba yake
akanunua kamera ya mtumba, lenzi ina ukungu
kama jicho la mbuzi mzee.
Akasema, tunatengeneza filamu ya kuuliza.
Kuuliza nini?
Kuuliza tu. Kondele nzima ina majibu,
mwenye swali hayupo, hujaona?

Mimi nikawa wa sauti. Nilishika mpini wa ufagio,
maikrofoni imefungwa kwa mpira wa baiskeli,
na tangu siku hiyo masikio yangu
yakawa yanasikia hata ambayo watu hawakunuia kusema.

Tulianza na Nabii Wandera wa Hema la Saa ya Mwisho,
Nyalenda, nyuma ya kinu cha posho.
Dunia, akatangaza, inakwisha Alhamisi, saa tisa alasiri.
Saa tisa ya Kisumu? Omenya akauliza,
maana Tokyo itakuwa saa tatu usiku.
Nabii akakohoa. Tokyo watajulishwa kivyao.
Nyuma yake jenereta mpya, bado imevaa nailoni,
na juu ya nailoni karatasi ya mkopo:
miezi thelathini na sita.
"Zima hiyo kitu."
Omenya akazima picha.
Sauti haikuzimwa. Sauti ilikuwa yangu.

Siku ya pili, makanisa mawili yanatazamana
spika kwa spika, wa Jumamosi na wa Jumapili,
na wote wawili wanafunga Jumatano
ili Mungu awaondolee jirani.
Katikati yao Nya'Seme, muuza omena,
pamba masikioni, anafukuza nzi.
"Mimi huomba usiku wakishalala," akasema.
"Nadhani hata Yeye ndipo hupata nafasi."

Siku ya tatu hatukucheka.
Vihiga, nyumba ya mtu ambaye dhehebu lake halimezi dawa.
Mtoto alishikwa na malaria Jumatatu.
Walikesha wakiimba. Zahanati iko ng'ambo ya barabara,
unaona mlango wake ukiwa umekaa kitandani.
Omenya alikuwa na maswali kumi na mawili kwenye daftari.
Baba mtu akatangulia: "Imani yangu ndiyo ilipungua."
Omenya akaishusha kamera mwenyewe, bila kuambiwa.
Kwenye kanda yangu kuna dakika nne
za jogoo, na mtu anayepumua.

Tukirudi, pale Chavakali, mbingu zikiwa zimenuna,
akasimama mbele ya lenzi, hasira imemjaa shingoni:
"Juu kule hakuna kitu! Mawingu na setilaiti!"
Radi ikapiga transfoma.
"Mungu wangu!" akalia Omenya,
safi, bila mkwaruzo, sauti bora kuliko zote za wiki ile.
Akaniomba niifute.
Nikamwambia maikrofoni haina dini.

Alhamisi saa tisa, waumini walisimama na kanzu nyeupe.
Saa tisa na robo ikanyesha.
Mmoja akakumbuka nguo zake kwenye kamba,
wakatawanyika.

Jumamosi tulitandika shuka ukutani, watu wakajaa,
stima ikapotea.
Jenereta ya karibu ni moja tu. Mnaijua.
Nabii aliileta kwa mkokoteni, akaketi mstari wa mbele,
akacheka Tokyo mpaka akajifuta machozi.
Penye jogoo alivua kofia
na hakuirudisha kichwani kwa muda mrefu.
Lakini ilipofika radi akaruka juu:
"Rudisha hapo! Rudisha!"
Tukarudisha mara tatu. Omenya alijificha nyuma ya shuka,
kivuli chake kikaonekana chote.

Mwisho akadai elfu mbili, mafuta mbali.
Omenya, kwa ukaidi, akataka risiti.
Nabii Wandera akatoa kitabu, akalamba ncha ya kalamu,
akageuka kwangu:
"Leo ni tarehe ngapi?"